Sega jeusi na majana waliotupwa nje: je, mzinga umeoza?

"Shikamoo mwalimu. Nina mzinga mmoja wa viunzi vya juu, vile vijiti ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, nyuma ya nyumba yetu hapa Mtongwe, Mombasa, ng'ambo ya feri, chini ya mwembe. Nyuki waliingia wenyewe miezi sita iliyopita. Juzi baada ya magharibi niliufungua kwa mara ya kwanza, nikimulika kwa tochi ya simu. Masega ya mbele ni meusi tii, ya nyuma ni meupe. Sega moja lina vijumba vilivyofunikwa lakini vifuniko vingine vimetoboka, na pembeni kuna vijumba vimetuna kama risasi. Sega jeupe moja lilinikatikia mkononi. Nyuki waliurukia mwangaza, wakanidunga mara kumi na kitu, nikafunga haraka. Tangu asubuhi yake naona vijibuu vyeupe vimetupwa chini ya mlango wa mzinga. Jirani anasema mzinga umeoza, nipulizie dawa ya mbu nianze upya, au angalau nikate masega yote meusi. Nitajuaje kama masega na majana, yaani watoto wa nyuki, ni wazima? Na niwe nafungua kila baada ya muda gani? Nyumbani tuko na mama mzee na watoto wawili."

Marahaba, na ahsante kwa kuuliza kabla hujapulizia chochote.

Kwa haya uliyonieleza, sioni mzinga uliooza. Naona kundi la nyuki lililotulia miezi sita, likajenga, likazaa, kisha likafunguliwa usiku kwa tochi. Rangi ya masega hainitishi, wala vile vijumba vilivyotuna. Vifuniko vilivyotoboka nataka tuviangalie kwa makini, kwa sababu hapo ndipo penye swali la kweli. Lakini lililonikosesha raha katika maelezo yako ni lile ulilolitaja mwisho kabisa, kana kwamba ni dogo: mama mzee, watoto wawili, na nyuki waliokuandama gizani. Hilo nitalirudia.

Kwanza dawa ya mbu irudi ilikotoka. Sumu nyingi za kupulizia mbu ni za jamii ya pareto, na sumu hizo hupenda mafuta kuliko maji. Nta nayo ni kama mafuta. Ukipulizia, sumu inaingia ndani ya nta na kukaa humo, na kundi jipya litakaloingia mzinga huo litalea watoto wake ndani ya ukuta wenye sumu. Asali utakayokata baadaye sitaki uwape watoto wako. Na hapo sijagusia maelfu ya nyuki ambao hawatakufa mara moja, watakaotoka wakiwa na hasira kwenye uwanja wenye watu.

Sasa weusi wa sega. Sega jipya ni jeupe, karibu na rangi ya tui. Malkia hutaga yai moja katika kila kijumba. Yai huanguliwa siku ya tatu, jana hulishwa kama siku tano, kisha nyuki watendakazi humfunika kwa nta. Akiwa humo ndani hujifumia utando mwembamba kama wa hariri, na hapo ndipo anapojisaidia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Anapotoka akiwa nyuki kamili, ule utando na ule uchafu mkavu hubaki umegandamana na ukuta. Watendakazi husafisha, hupaka gundi yao waliyoitoa kwenye utomvu wa miti, na malkia hutaga tena palepale. Nyuki wetu wa Pwani, ambaye jina lake la kitaalamu ni Apis mellifera litorea, hukua upesi: tangu yai hadi mtendakazi kutafuna kifuniko na kutoka ni siku 19 au 20, ilhali nyuki wa Ulaya huhitaji 21. Piga hesabu ya miezi yako sita. Vijumba vya mbele vimeshalea kama vizazi 9, na kila kizazi kimeacha rangi yake ukutani. Kwa hiyo masega ya karibu na mlango, anakotaga malkia, ni meusi, na ya nyuma wanakoweka asali ni meupe. Ndivyo mzinga wa viunzi unavyopaswa kuwa. Ungekata masega yote meusi kama alivyosema jirani, ungekuwa umewakatia chumba cha watoto chote, na nyuki wetu wakifanyiwa hivyo hawasubiri kujenga upya. Wanahama.

Siku ya kuliondoa sega kuukuu itafika. Baada ya miaka miwili au mitatu, kuta zinakuwa nene, vijumba vinabana, na nondo wa nta wanalipenda zaidi sega la namna hiyo. Wakati huo unalisogeza kidogo kidogo kuelekea nyuma ya mzinga, unangoja majana waliomo watoke wote, ndipo unakata. Mzinga wako haujafika huko.

Tuje kwenye majana wenyewe. Ninapowafundisha vijana kusoma sega, huwaambia wafikirie leso. Leso nzuri ina mji na ina pindo. Sega la majana lenye afya nalo lina mji: duara pana katikati, limejaa majana waliofunikwa, vifuniko vina rangi ya biskuti, vikavu, vimeinuka kidogo tu. Kandokando ya mji kuna pindo la chavua, la rangi rangi, manjano, chungwa, mara nyingine karibu na zambarau kutegemea miti iliyochanua. Juu kabisa, karibu na kiunzi, kuna mkanda wa asali. Ukiliona sega limepangika hivyo, basi hata kabla hujachungulia kijumba kimoja umeshajua kwamba malkia anataga kwa mpangilio na chakula kipo.

Halafu angalia mapengo. Chagua sehemu iliyofunikwa yenye upana wa kiganja. Katika kila vijumba kumi, kimoja au viwili vikiwa vitupu, hiyo ni kawaida. Nusu vikiwa vitupu, na vimetapakaa huku na huku kama meno ya mtoto wa miaka saba, kuna jambo: malkia amezeeka, au chakula kimepungua, au majana wanakufa na watendakazi wanawatoa. Sega moja lisikutoshe kuhukumu. Angalia la pili na la tatu.

Kisha tafuta mayai. Simama jua likiwa nyuma ya bega lako, ili mwanga uingie hadi kwenye sakafu ya kijumba. Yai ni jembamba na jeupe, dogo kuliko chenga ya mchele. Siku ya kwanza husimama wima, ya pili huinama, ya tatu hulala chini. Ukiona yai lililosimama wima, malkia alikuwa hapo jana au leo. Huna haja ya kumtafuta yeye mwenyewe, na wanaoanza hupoteza dakika nyingi na kudungwa sana wakimtafuta malkia ambaye mayai yake yameshawaambia kila kitu. Hesabu nyingine inayonisaidia ni hii: mtendakazi hukaa siku 3 akiwa yai, kama 5 akiwa jana wazi, na kama 11 chini ya kifuniko. Mzinga unaoendelea sawasawa utakuwa na majana wazi karibu mara mbili ya mayai, na waliofunikwa karibu mara nne. Ukikuta waliofunikwa ni wengi lakini hakuna yai wala jana mdogo hata mmoja, malkia amepotea au ameacha kutaga kwa zaidi ya wiki, na hapo usaidiwe.

Jana mzima ana weupe wa lulu. Anang'aa kama aliyelowa, amejikunja kama mwezi mwandamo chini ya kijumba, na akiwa mdogo anaelea katika maziwa meupe. Jana mgonjwa utamjua kwa rangi na kwa namna alivyolala. Akiwa manjano au kahawia, amejipinda vibaya au ameporomoka kando ya ukuta, na ukinusa unapata harufu kali ya uchachu, huo ni ugonjwa wa bakteria unaowaua majana kabla hawajafunikwa. Kundi lenye nguvu mara nyingi huushinda maua yakirudi, lakini mwite mtu auone.

Sasa vile vifuniko vyako vilivyotoboka. Vina sababu nyingi, na ya kawaida ni njema: nyuki mpya anayetoka hutafuna kifuniko chake kwa mzunguko, na ukichungulia tunduni utakuta uso na vipapasio vinasogea. Kingine ni kifuniko ambacho bado kinajengwa, ambacho tundu lake liko katikati na mdomo wake ni laini na safi. Ukiona vijumba vimefunuliwa kwa mstari, kimoja baada ya kingine kama njia, na ndani majana ni weupe na wazima, hapo buu wa nondo wa nta amepita chini ya vifuniko na nyuki wamefunua wakimfuata. Mara nyingi huo si ugonjwa.

Kinachotisha ni kifuniko kilichozama ndani, cheusi kuliko wenzake, kinachoonekana kama kimepakwa mafuta, kina tundu lisilo na umbo, na chini yake hakuna jana mweupe bali kuna uji wa kahawia. Kwa hicho chukua njiti ya kiberiti. Itie ndani, koroga taratibu, kisha ivute nje. Ikitoka tupu, au na kitu cha majimaji kinachokatika mara moja, shusha pumzi. Ikivuta uzi unaonyumbuka kama utomvu wa fenesi, wenye urefu wa sentimita 2 au zaidi, acha kila kitu. Funga mzinga, osha mikono na kisu, choma ile njiti, na usihamishe sega, asali wala mzinga kwenda kwa mtu yeyote, isipokuwa kipande cha kumwonyesha afisa wa mifugo. Vimelea vya ugonjwa huo, unaoozesha majana chini ya vifuniko, hukaa hai katika nta na mbao kwa miongo kadhaa, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa ya kuripotiwa. Katika mizinga niliyoifungua huku Pwani sijaukuta bado, lakini kila ninapoona kifuniko kilichozama natoa njiti mfukoni, na nakuomba ufanye hivyo.

Vijumba vilivyotuna kama risasi ni vya madume. Dume ni mnene kuliko mtendakazi, hivyo kifuniko chake huinuka kama kuba. Vikiwa pembeni au chini ya sega kama ulivyoeleza, ni kundi lenye nguvu linalojiandaa kwa msimu. Ungeniambia kuba hizo zimetapakaa katikati ya sega, ndani ya vijumba vidogo vya watendakazi, na katika kijumba kimoja kuna mayai matatu au manne yamebandikwa ukutani, ningekwambia malkia hayupo na watendakazi wameanza kutaga wenyewe. Kundi la namna hiyo linaelekea ukingoni. Na ukikuta kijumba kirefu kinaning'inia kama ganda la njugu kwenye ukingo wa sega, hicho ni cha malkia mpya. Usikikate.

Vile vijibuu vilivyotupwa vilianza asubuhi baada ya sega kukukatikia mkononi. Nadhani ndiyo sababu. Majana waliopondeka au kukosa joto hawaachwi ndani. Chumba cha majana hutunzwa kwenye nyuzijoto 34 hadi 35, na sega likianguka sakafuni nyuki hawawezi tena kulikumbatia lote. Lakini usinichukulie hivihivi. Kesho asubuhi weka sahani nyeupe chini ya mlango, uangalie kilichodondoka. Mwenye macho makubwa yanayokaribia kukutana utosini ni dume aliyekuwa hajakomaa, na nyuki huwatoa madume chakula kikipungua. Vipande vigumu kama chaki, vinavyogongana ukitikisa sahani, ni ugonjwa wa ukungu, unaopenda mzinga wenye unyevu, na dawa yake kubwa ni hewa, kivuli kisichozidi, na paa lisilovuja. Wakipungua siku hadi siku na kwisha ndani ya wiki, lilikuwa ni lile sega.

Wadudu nawapitia haraka. Nondo wa nta huacha utando na chembe nyeusi kama baruti. Mbawakawa wadogo weusi, wa milimita 5 hadi 7, wanaokimbia mwanga ukifungua, ni wenyeji wa Afrika hii tangu zamani, na nyuki wetu wanajua kuwafunga: huwasukuma kwenye nyufa na kuwazungushia gundi kama ngome, na askari hulinda hapo. Nilipowaona kwa mara ya kwanza nyuki wanne wamesimama mbele ya ufa mmoja bila kubanduka, wakati mzinga wote uko wazi na moshi unafuka, niliacha kazi nikawatazama tu. Mbawakawa hawa huwa tatizo kundi likidhoofika, maana mabuu wao huichachusha asali na kuifanya telezi yenye harufu ya machungwa yaliyooza. Wako pia mbawakawa wakubwa weusi wanaokula majana. Hao watoe kwa mkono, na ufanye kimo cha mlango kisizidi sentimita 1. Utitiri wa varoa ulithibitishwa katika mizinga ya Kenya mwaka 2009, na watafiti waliofuatilia baadaye walikuta makundi yetu yanaishi nao bila dawa. Usinunue dawa yake.

Lakini yote haya huwezi kuyaona kwa tochi ya simu. Nyuki akiwa gizani hutambaa na kuruka kuelekea mwanga, na mwanga ulikuwa mkononi mwako. Yai hulioni, vifuniko huvitofautishi, na ukishadungwa mara moja, mwiba huacha harufu inayowaita wengine. Ukinusa vizuri ni harufu ya ndizi mbivu. Ndiyo maana mwiba wa pili na wa tatu hufuata palepale ulipoingia wa kwanza. Wazee wa kurina usiku wana sababu zao, kwani usiku nyuki hawaruki mbali. Ila wao wanakata asali, hawasomi majana. Ikibidi kabisa kufanya jambo dogo usiku, tumia mwanga mwekundu, kwa sababu nyuki haioni rangi nyekundu.

Kwa uwanja kama wako, fungua kama saa kumi na moja jioni. Una saa moja na zaidi ya mwangaza, joto limepungua, na giza likiingia nyuki wanatulia kabla ya watoto wa jirani kuamka. Usifungue siku ya mvua, siku ya upepo mkali wa kusi, wala siku ambayo kuna arusi au matanga mtaani. Waambie majirani mapema, na mama na watoto wawe ndani, milango na madirisha yamefungwa. Vaa vazi lote la nyuki, wavu wa uso, glavu na buti, na suruali iingie ndani ya buti. Usiwe peke yako.

Kwa moshi, huku kwetu hatuna shida: makumbi makavu ya nazi yanawaka polepole na kutoa moshi mzuri, baridi. Jaribu moshi kwenye mkono wako, ukiunguza wewe utawaunguza na wao. Puliza mara tatu nne mlangoni, ngoja dakika mbili. Moshi huficha ile harufu ya ndizi, na huwafanya nyuki wakimbilie kunywa asali.

Sasa gonga viunzi kwa kifundo cha kidole ukianzia mwisho ulio mbali na mlango. Palipo na mlio wa uvungu hapana sega. Toa kiunzi kimoja kitupu hapo ili upate nafasi, kisha sogea kimoja kimoja kuelekea mlangoni: asali kwanza, halafu chavua, halafu majana. Kabla ya kuinua, pitisha kisu kirefu kando, kutoka chini kwenda juu, kukata sega lilipogandana na ubavu wa mzinga. Sega la viunzi halina fremu ya kulizunguka kama la mzinga wa Langstroth. Linaning'inia kwa nta yake tu, na kwa joto la Mombasa, hasa Januari hadi Machi, nta mpya inalegea kama siagi nje ya friji. Ukililaza sega ubavu linavunjika, na ndivyo lilivyokukatikia. Liinue wima, libaki wima. Ukitaka kuona upande wa pili, lizungushe kama unavyozungusha mlango kwenye bawaba, usilipindue kama chapati. Lishikie juu ya mzinga, ili malkia akidondoka adondoke nyumbani.

Angalia masega matatu au manne ya majana. Ukishaona mayai, majana wa lulu na vifuniko vikavu, funga, hata kama hujafika mwisho. Dakika kumi na tano zinatosha. Rudisha viunzi kwa mpangilio uleule na uvibananishe. Vya nyuki wetu vina upana wa milimita 32, na pakibaki nafasi wanajenga masega ya kupita, na mara ijayo utayavunja.

Umeuliza kila baada ya muda gani. Wiki nne hadi sita maua yakiwepo, na usifungue kabisa wakati wa njaa. Nyuki wetu wakisumbuliwa sana huondoka wote, wakaacha masega. Katikati ya hapo soma mlango kila wiki, ukiwa mbali na pembeni. Nyuki wanaoingia na mafungu ya chavua miguuni wana majana wa kulisha. Nyuki walioning'inia nje kama ndevu mchana wa joto wanapunguza joto ndani, si wagonjwa. Waongezee kivuli: tupa makuti juu ya mabati.

Sasa lile la mama na watoto. Naelewa raha ya kuwa na mzinga chini ya mwembe wako mwenyewe. Kuna faida ya kuuacha: kundi limezoea, na mnazi wetu hutoa maua mwaka mzima. Ukiuacha, zungushia ua au wigo mrefu kumzidi mtu, ili nyuki wapande juu kabla ya kuvuka uwanja, elekeza mlango mbali na njia na vyumba, na uwawekee karai la maji lenye makumbi yanayoelea, wasiende kwenye mfereji wa jirani. Hata hivyo, nikipima yote, naegemea upande wa kuuhamisha. Nyuki wa Afrika akichokozwa hufuata mbali, na mtu mzima asiyeweza kukimbia ndiye huumia. Shamba la jamaa upande wa Kwale, au kando ya mikoko ambako mchu ukichanua huwapa nyuki mbochi, yaani maji matamu ya maua, mwingi, ni pahali pema kuliko uwanja uliobanwa na nyumba. Uhamishwe usiku, mlango umezibwa kwa wavu unaopitisha hewa, masega yakielekea mwendo wa gari, yasipige mbavu. Upelekwe kilomita 5 au zaidi. Ukiusogeza mita 200 tu, nyuki wa kesho watarudi kwenye mwembe wasikute nyumba.

Kazi hiyo, na ufunguzi wako ujao, usiifanye bila mfugaji mzoefu au afisa wa mifugo wa kaunti kuwepo. Mwite pia upesi ukiona uzi wa njiti, ukikosa mayai katika masega yote, au majana waliotupwa wakiendelea kuongezeka baada ya wiki.

Na mtu akidungwa, aondoke kwanza, kisha mwiba utolewe mara moja kwa ukucha au chochote kilicho karibu, maana huendelea kusukuma sumu. Akivimba midomo au ulimi, akitoka vipele mwili mzima, akipumua kwa shida, akitapika au kupata kizunguzungu, mpelekeni hospitali iliyo karibu zaidi dakika hiyohiyo, msingoje kuvuka feri kutafuta kubwa zaidi. Aliyedungwa makumi kwa makumi naye aende, hata kama anasema hajambo, kwa sababu sumu nyingi huweza kuumiza figo baadaye. Mama yako na watoto, kama mmoja wao amewahi kuvimba vibaya kwa mdudu yeyote, mzinga uhame mwezi huu.

Kwa hiyo wiki hii usifungue. Acha lile sega lililoanguka, watalisafisha wenyewe. Weka sahani, hesabu majana kila asubuhi, andika. Ukienda kwa afisa wa mifugo na kipande cha sega chenye vifuniko vya kushukiwa, kifunge kwa gazeti, si kwa plastiki, kisije kikaota ukungu njiani kabla hajakiona.